Maji ya Samaki Nusura Yamtoe Baba Nyumbani

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikuja kunikata kucha za miguu.

Alipofika kwenye kidole gumba akaacha, akaniangalia, akasema: "Bibi, mume wangu alitaka kumfukuza baba. Kisa konokono."

Nikauvuta mguu wangu.

"Konokono gani tena?"

Basi akanisimulia, na mimi nawasimulia kama nilivyosikia. Huyo baba ni mwanangu wa kumzaa, dereva wa lori mstaafu, kwa hiyo msishangae nikipandisha sauti mahali.

Mjukuu wangu anaoka keki za kuuza, nyumbani kwake. Mumewe ni kinyozi. Watoto bado, ila sebuleni wana bahari.

Ndiyo, bahari. Tangi la kioo lenye maji ya chumvi, taa ya buluu juu yake, samaki wa rangi, na matumbawe. Ukiyaita mawe, kinyozi ananuna. "Mawe? Hao ni wanyama, wako hai! Hebu tazama wanavyochanua na kujikunja."

Mwanangu alipopata mawe kwenye figo, alihamia kwao ili awe karibu na hospitali. Daktari alimwambia anywe maji mengi, tena safi.

Hilo la maji safi lishikeni vizuri.

Nyumba ile ina amri moja. Bomba lao hutoka likijisikia, kwa hiyo maji wanayaweka kwenye ndoo na mapipa. Siku moja kinyozi alijipaka sabuni mwili mzima, akakuta ndoo kavu. Akatoka bafuni na taulo, povu machoni, akatangaza: "Kuanzia leo, atakayechota hata kikombe, ajaze! Mkubwa kwa mdogo!"

Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini amri ikashika.

Sasa, maji ya tangi hupungua yenyewe kwa joto, lazima uongeze. Kinyozi alikuwa akiongeza ya bomba. Kioo kikaota uteute wa kijani. Matumbawe yakajikunyata. Asubuhi moja yule konokono wake kipenzi akakutwa chali.

Kinyozi akamwita muuza mitambo ya maji, mama mmoja mchangamfu mwenye kipimo kidogo kama kalamu, cha kuonyesha vitu vilivyoyeyuka majini. Akakichovya kwenye glasi ya maji ya bomba. Ikatokea namba: mia mbili na ushee.

"Mmh. Matumbawe yako yanateseka, kaka."

Kinyozi akapaza sauti: "Si nilisema? Maji ya nyumba hii hata samaki hayawafai!"

Mlango wa chumba cha mwanangu ulikuwa wazi.

Yule mama akaweka mitambo miwili mezani. Wa kwanza ulikuwa wa mishumaa ya udongo ya kuchujia. Wa pili ulikuwa na mabomba matatu, utando ndani, na chupa ya chembechembe mwishoni.

"Huu wa mishumaa unatoa matope na harufu. Kilichoyeyuka kinapita. Chumvi iliyoyeyuka kwenye mchuzi, utaitoa kwa chujio?"

"Haitoki."

"Ndiyo hivyo. Huu mwingine unayabana maji mpaka yaache kila kitu nyuma, chembechembe zinamalizia. Ila unakula maji, mengi yanamwagika. Hayo utapigia deki."

Kinyozi akakunja uso. "Kwa hiyo wa bei kali ndio unaofaa. Siku zote iko hivyo, eh?"

"Kaka, sikulazimishi. Pima mwenyewe."

Akanunua wa mishumaa, maana hapigwi yeye! Akapima maji yaliyochujwa: mia mbili na ushee, vilevile. Akasema kalamu aliyouziwa na yule mama imechezewa. Akanunua kalamu nyingine duka jingine. Mia mbili na ushee.

Akaurudia ule wa pili kichwa chini. Wa mishumaa ukatupwa stoo.

Mtambo mpya ukafungwa chini ya sinki, ukawa unadondosha maji, to, to, to, kwenye pipa la buluu stoo. Akapima: sifuri. Aliibusu ile kalamu mbele ya mke wake.

"Mimi hujanibusu hivyo tangu harusi," mkewe akamwambia.

Amani ikadumu kidogo. Kisha maji ya pipa yakasoma ishirini. Halafu arobaini. Matumbawe yakaanza tena kujikunyata.

Yule mama akaitwa, akaja na kalamu yake. Akapima maji yanayodondoka kutoka kwenye mtambo: sifuri. Akapima ya ndani ya pipa: arobaini na tano.

"Mtambo wangu hauna kosa," akasema, akifungasha vitu vyake. "Pipa waulize wenyeji."

Hapo ndipo nyumba ilipoingia mdudu.

Kinyozi akaanza na mkewe. "Unga wako unapeperuka."

"Unga unafunua mfuniko?"

"Sabuni yako ya vyombo, basi."

"Wewe mwanaume, usinichanganye. Mimi pipa lako silisogelei, nalipita kama kaburi."

Kinyozi akageukia mlango wa mkwewe. Kisha akasema polepole, "Basi tumebaki na mmoja."

Mjukuu wangu akaacha kukanda unga, akamgeukia.

"Baba yako halipendi lile tangi. Alisema samaki wanatunzwa kuliko watu. Mimi nilimsikia."

"Alitania!"

"Konokono wangu hakufa kwa utani. Ikithibitika, Jumamosi aende kwa kaka yako."

"Kaka anaishi mbali na hospitali. Baba akishikwa na maumivu huko nani atamkimbiza?"

"Hapo sasa. Angefikiria hilo kabla."

Jamani, shaka ni ugonjwa wa kuambukiza. Mjukuu wangu mwenyewe akaanza kumchunguza baba yake. Alimwona akitoka stoo na jagi amelificha ndani ya koti. Alipoondoka akaliendea lile jagi, akalinusa. Halikunuka kitu. Akajiona mchawi, kumnusia baba yake mzazi vyombo.

Alipokwenda kumtandikia, akakuta chini ya kitanda begi limefungwa. Nguo zote ndani, hadi makubazi.

Anataka kukimbia, akawaza. Ni yeye.

Hakumwambia mumewe. Lakini mumewe alikuwa na akili zake za kinyozi. Aliokota unywele sakafuni kwake kazini, akaupaka mafuta kidogo, akaulaza kati ya mfuniko na pipa. Aliporudi mchana, unywele haupo.

Kesho yake akafunga saluni mapema, akapitia mlango wa jikoni, akamvuta mkewe kwa mkono. Wakajibanza stoo nyuma ya magunia ya unga.

"Ukipiga chafya nakuacha," akamnong'oneza.

Kandambili zikaja, pwata, pwata. Mwanangu akaingia. Akafunua pipa, akachota jagi, akanywa amesimama, taratibu, kama mtu anayemeza dawa. Akatoka. Wakasikia bomba la uani. Akarudi na jagi limejaa, akalimimina lote ndani ya pipa, akafunika vizuri.

Kinyozi akachomoka, mweupe kwa unga kama mzimu. "Nimekukamata mzee!"

Mwanangu aliruka, jagi likaanguka. "Umenikamata nafanya nini? Nimejaza!"

"Nani kakwambia uweke maji ya bomba humu?"

"Wewe! Ulitoka bafuni na taulo, ukasema achotaye ajaze, mkubwa kwa mdogo. Mimi mkubwa, nimejaza. Kosa langu liko wapi?"



"Lakini baba," mjukuu wangu akauliza, "kwa nini unywe maji ya samaki? Tena kwa kujificha?"

Mwanangu akakaa juu ya ndoo.

"Kwa sababu mumeo alisema maji ya bomba hata samaki hayawafai. Nilisikia kwa masikio yangu. Akawanunulia samaki mtambo. Mimi mwenye mawe figoni nikaendelea kuletewa glasi ya bomba. Tena siku hizi hanitazami usoni. Ningefikiria nini, mwanangu? Nikasema, huyu mkwe ananiua polepole."

"Na lile begi?"

"Nilikuwa naondoka Ijumaa. Naenda kwa mama."

Kwa mama ni kwangu mimi. Mjukuu wangu alipofika hapo kwenye kusimulia, mkasi ulimwanguka.

Watu watatu stoo, na kila mmoja alikuwa amemchunguza mwenzake kama mwizi. Wote walikuwa na ushahidi, na hakuna aliyeuliza.

Kinyozi akapiga magoti kwenye unga. "Baba, nisamehe. Yule mama nilimuuliza siku ile aliyopima, akasema maji ya bomba kwa binadamu hayana neno. Ni matumbawe tu yanadeka."

"Ungeniambia hivyo siku ile ile, nisingechungulia pipa lako."

Kinyozi akainuka, akapekua stoo, akautoa ule mtambo wa mishumaa alioutupa. Akausugua, akaufunga chumbani kwa mwanangu, kando ya kitanda, akamjazia glasi ya kwanza.

"Huu ni wako peke yako, baba. Na ukichota, usijaze. Nitajaza mimi."

Mwanangu akanywa, akalamba midomo. "Afadhali haya. Yale ya samaki hayana ladha kabisa, nilikuwa navumilia."

Walicheka mpaka majirani wakachungulia.

Wanangu mnaosoma, bibi yenu anawaambia hivi: ukimshuku mtu wa nyumbani kwako, kaa naye umuulize, kabla hujamtegea unywele. Aliyejificha naye huenda anakuogopa wewe.

Siku ile begi lilifunguliwa, nguo zikarudi kabatini. Mwanangu akasinzia kwenye sofa mbele ya matumbawe, mdomo wazi. Mjukuu wangu akajilaza karibu naye, aproni bado kiunoni.

Kinyozi alimwaga maji yote ya pipa kwa kupiga deki, akakaa stoo kulinda matone mapya. To, to, to. Alipopima akaona sifuri, akaichomeka kalamu nyuma ya sikio, akaegemea gunia la unga, naye akalala.