Nyekundu ya Kahawa Iliyoiva

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa maana nilipiga kelele ofisini kama mtu aliyekanyaga nyoka. Nilikuwa nimegundua kwamba kwenye kompyuta, nyekundu ukiichanganya na kijani unapata manjano. Manjano! Karani mwenzangu alikuja mbio akidhani nimerushwa na stima.

Nilikuwa msichana wa kutoka Kiritiri, karani mpya katika chama cha wakulima wa kahawa huku juu Embu, na nilikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio. Miaka ile kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Katibu wa chama, mtu wa maneno machache, aliniambia nichore miviringo mitatu ya rangi ya kuwaonyesha wachumaji wapya: kahawa mbichi, kahawa iliyoiva, na kahawa iliyopitiliza. Msimu uliotangulia kahawa yetu ilikuwa imeshushwa daraja kwa kuchumwa ovyo.

"Wakulima wakikubali hiyo picha, utabaki na sisi," akasema. "Wakikataa, tutatafuta mwingine."

Nilitaka kubaki, mwanangu. Nilitaka sana.

Basi nikafungua kisanduku cha rangi. Kilikuwa na mistari mitatu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, na kila mstari ulikuwa na kidude cha kuvuta kwa kipanya. Ukivuta kidogo, rangi inabadilika papo hapo mbele ya macho yako. Furaha niliyoipata siwezi kukueleza yote. Nilitengeneza rangi ya chai ya maziwa. Nilitengeneza rangi ya udongo wa kwetu, halafu rangi ya beberu wa baba, hata nikamcheka beberu mwenyewe. Siku mbili zilipita hivyo.

Ilipofika zamu ya kahawa iliyoiva, nikachagua ile nyekundu nzito tunayoiita damu ya mzee, kama sketi za kwaya yetu. Ilipendeza mno! Sasa nikuambie ukweli: kwetu Kiritiri tunalima mtama na pojo, na sikuwa nimewahi kuchuma kahawa hata tunda moja. Mikahawa ilianza hatua chache tu kutoka dirisha la ofisi. Sikutoka. Niliona haya kuuliza, nikiogopa watasema katibu ameajiri mtu asiyejua kitu.

Siku ya kuleta kahawa kiwandani, wakulima walikuwa wamemwaga matunda yao juu ya magunia, wakitoa mabichi na mabovu kabla ya kupima. Tulibeba kompyuta hadi ukumbi wa kiwanda, katibu akawaita. Wakaitazama picha. Kisha kicheko kikalipuka, mwanangu, nikatamani ardhi inimeze.

Cucu Wanjira, bibi mmoja aliyelima kahawa tangu ujana wake, ndiye aliyesogea mbele.

"Hii umeandika imeiva, hii imeoza," akasema. "Tukichuma hivi, hata ng'ombe watakataa. Wewe uliangalia kahawa wapi?"

"Sikuangalia, cucu."

"Kwenu ni wapi?"

"Kiritiri."

"Haiya! Kiritiri hakuna kahawa, hiyo si makosa yako. Lakini mimi napita hapo kwa dirisha yako kila siku, na hujaniuliza hata mara moja. Mdomo ulikuwa na kazi gani?"

Machozi yalinilenga. Cucu akaniangalia kidogo, akaenda kwenye gunia lake, akarudi na tunda moja. Akaliminya mbegu ikachomoka, akanipa nionje ule utamu wake. Kisha akachukua lingine zima, akalishika juu ya kioo cha kompyuta.

"Sasa leta hiyo rangi ifike hapa."

Nikavuta mstari wa nyekundu. "Ongeza!" wakasema. Nikaongeza. "Hapana, sasa imekuwa nyanya! Punguza!" Ukumbi mzima ulikuwa umenizunguka, kila mtu anaelekeza. Mwingine akafunga dirisha kwa sababu jua lilikuwa linadanganya macho. Cucu hakuvumilia, akashika kipanya mwenyewe, akavuta kijani kidogo sana, na lile tunda likapotea! Ukingo wake haukuonekana tena juu ya kioo. Watu walipiga makofi na vigelegele, na mimi nilikuwa naruka kama mtoto.

Katibu alikuwa amesimama kando muda wote. Nilimgeukia nikijua nimefukuzwa.

"Wameikubali," akasema. "Jumatatu utaenda kuchuma na cucu wiki nzima, halafu urudi kwa kompyuta yako."

Nilifanya kazi pale mpaka nikastaafu.

Mwanangu, leo simu yako ina rangi nyingi kuliko nilizowahi kuota, na ninapokuona ukizichanganya moyo wangu unachangamka. Cheza nazo, zifurahie. Ila kabla hujawaonyesha watu kazi yako, inuka, ukakitazame kitu chenyewe, na umuulize anayekishika kila siku. Swali litakuaibisha kwa dakika moja tu. Mimi kunyamaza kulikaribia kuninyang'anya kazi niliyoipenda.

Mungu akubariki macho na mikono. Akupe watu wa kukucheka ukikosea, na wasiondoke mpaka uwe umepatia.