Viwavi Waliokataa Nyasi za Shambani

Siku yangu ya kwanza kazini Mbinga, nimetoka chuo cha misitu juzijuzi, Bwana Misitu wa Wilaya aliniuliza, "Wewe Mmatengo wa hapa?"

"Shikamoo mzee. Mimi Mnyasa, nimepanda kutoka ziwani."

Akacheka. "Kwangu nyie wote mmoja tu." Alitoka mkoa wa mbali, nikamsamehe.

Nilipewa kazi ya kufuatilia wadudu wa msitu, hasa vipepeo wawili wa mlimani. Wote kahawia, wote wana madoa kama macho kwenye mbawa. Mmoja huruka kwenye nyasi za kingo za ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo. Mwingine hatoki ndani ya mianzi ya msituni kule juu. Ukiwachoma pini ubaoni, hata mama zao wangewachanganya.

Ikaja miaka ya ruksa, soko huria likaingia, na wenye misumeno wakaomba kibali cha kukata msitu ule wote. Bwana Misitu alikuwa na kalamu mkononi.

"Kipepeo wako yumo mpaka mashambani," akaniambia. "Tukikata, atahamia huko."

"Ni wawili, mzee."

"Basi nionyeshe wanapotofautiana."

Niliumia moyo, maana msitu ule niliupenda. Nikaenda kuokota viwavi, yaani vipepeo kabla hawajaota mbawa, kutoka kwenye mianzi. Nikawaweka mezani kwake ndani ya kopo lenye nyasi laini za shambani. Kutwa nzima hawakugusa, wakawa wanazunguka tu.

"Wagonjwa hao," akasema.

"Hapana mzee. Mmatengo mpe maharage, atashukuru. Mimi ukininyima usipa, dagaa wetu wa ziwani, wiki nzima, nafunga mizigo nirudi ziwani. Hawa nao wana chakula chao."

Nikatia jani la mwanzi. Wakalivamia, wakaacha mshipa mtupu. Mzee akasukuma kile kibali pembeni.

"Kumbe tungewaua kwa njaa," akasema.

Wenye misumeno wakahamia mlima wa pili. Huko sikuwa na kiwavi wa kuonyesha, na leo pamebaki vichaka. Hilo bado huniuma. Hata hivyo nimestaafu kwa raha, nalima mihogo yangu ziwani, na nikipanda Mbinga kusalimia wajukuu naiona mianzi ipo palepale.

Huniuliza, "Bibi, serikalini ulifanya kazi gani?"

Nawajibu: kuuliza kiumbe anakula nini, kabla hajaambiwa ahame.