Mama Laini na simu kumi na mbili za timu ya viziwi

Saa moja kamili asubuhi, kibanda cha Mama Laini kimeshazingirwa. Wasichana kumi na wawili waliovaa trakisuti za bluu wamejaa kwenye benchi, kwenye ngazi na hata juu ya mabegi yao. Wanataniana, wanabishana, wanacheka mpaka wanashikana mabega, lakini sauti kubwa kuliko zote hapa ni ya feni ndogo iliyo juu ya meza. Maongezi yote yako mikononi.

Ni timu ya mpira wa wavu ya wasichana viziwi, na saa nne basi litawapeleka uwanja wa ndege. Wanakwenda kwenye mashindano nje ya nchi. Kabla hawajaondoka, mama huyu wa miaka thelathini na minane anatakiwa ahakikishe kwamba simu zao zitapata intaneti mara tu watakapotua.

"Leo hakuna kupepesa macho," anasema, huku akifuta kioo cha simu ya kwanza kwa pindo la blauzi yake. "Leteni, leteni! Nani anafuata?"

Kwa watu wanaosikia, kukosa intaneti safarini ni usumbufu tu. Utapiga simu ya kawaida, au utauliza njia. Kwa wasichana hawa, simu ya kawaida haina kazi. Wao huzungumza kwa lugha ya alama kupitia video, na video inakula bando.

Nahodha wao analijua hilo vizuri. Mwaka jana, wakibadilisha ndege katika nchi ya tatu, alikwenda msalani na kurudi kukaa kwenye mlango wa kupandia ndege ulioandikwa kwenye tiketi yake. Akakaa, akakaa. Tangazo kwamba mlango umebadilika lilipita juu ya kichwa chake bila yeye kuwa na habari. Laini yake ya nyumbani ilikuwa imekufa kabisa kule.

"Niliona ndege yetu ikiondoka dirishani," anaandika kwenye simu na kumgeuzia mwandishi wa makala haya asome. "Nilikaa peke yangu kwa muda wa saa tisa. Nililia mpaka nikaona aibu kulia."

Mama Laini alianza kuuza laini na vocha miaka kumi na moja iliyopita, akiwa na meza ya plastiki na mwavuli. Habari za eSIM alizipata kwa muuguzi mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda kusoma. Muuguzi alimwonyesha simu yake na kumuuliza kwa nini haina mahali pa kuchomeka laini ya pili.

"Nikaangalia juu, nikaangalia chini, hamna tundu," anakumbuka na kucheka. "Nikajua hii simu feki, dada wa watu kaibiwa. Kumbe mshamba ni mimi!"

Usiku ule hakulala kabla ya kuelewa. eSIM ni laini isiyo na kadi. Inakaa ndani ya simu yenyewe tangu kiwandani, na mteja huijaza namba na bando kwa kupiga picha mraba wenye vidoti vyeusi na vyeupe. Unaweza kununua bando la nchi unayokwenda ukiwa bado nyumbani, na laini yako ya kila siku ikabaki palepale. Leo, siku nzuri huhudumia wasafiri ishirini. Siku mbaya huwa watatu, na mmoja wao amekuja kuomba chaja.

Kocha wa timu, mwanamume mwenye sauti nzito anayesikia na kutafsiri, alifika kibandani juzi akitaka kadi kumi na mbili. Mama Laini akamzuia.

"Kaka yangu, mkishashuka kwenye ndege mtaanza kuhangaika na vikadi na sindano? Kila msichana abonyeze nyota, reli, sifuri sita, reli. Ikitokea namba ndefu imeandikwa EID, simu hiyo inakubali eSIM. Niletee hesabu."

Simu saba zilikubali, tano zikakataa. Wakanunua mabando saba yanayofanya kazi katika nchi ya mashindano na pia katika nchi ya kubadilishia ndege. Mama Laini alihakikisha pia kwamba yanaruhusu kugawana. Hivyo kila msichana asiye na eSIM akapewa mwenzake wa kumgawia mtandao, na wakaambiwa waongozane bega kwa bega hadi chooni.

Jana jioni kocha alituma misimbo saba ya mabando hayo, ile miraba ya vidoti, kwenye kundi lao la simu, na chini yake akaandika: "Msiguse mpaka kesho kwa Mama Laini."

Simu sita zinakwenda kama maji. Mama Laini anaunganisha kila moja na waifai ya kibanda, anapiga picha msimbo aliouchapa kwenye karatasi, anasubiri kiduara kizunguke, kisha anaipa laini mpya jina "Safari". Data anaihamishia kwenye Safari na kuiwashia ruhusa ya kutumika ng'ambo. Data ya laini ya nyumbani anaizima, isije ikatafuna salio huko ugenini.

Ya saba ni ya nahodha. Kioo kinaandika: msimbo huu umeshatumika.

Mama Laini anajaribu tena. Jibu ni lilelile. Anamtazama nahodha. Nahodha anatazama viatu vyake.

Kocha anauliza kwa mikono. Nahodha anajibu kwa vidole vidogo vidogo, karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona.

"Anasema kiherehere kilimshinda," kocha anatafsiri. "Jana aliiweka mwenyewe. Ikaandika hakuna huduma. Akadhani imeharibika, akaifuta."

"Lazima iandike hivyo, mwanangu! Uko nyumbani, na laini ni ya kule!" Mama Laini anashika kichwa. "Na ukishaifuta, msimbo ule haurudi."

Saa tatu na dakika tano. Ukali unamwisha palepale anapomwona binti yule akijikunyata ukutani. Anamvutia kiti karibu, anamshika mkono, kisha anafungua ukurasa wa msaada wa kampuni iliyouza bando na kuanza kuandika. Namba ya oda. Ile namba ndefu ya EID. Anasubiri. Anaulizwa maswali yaleyale upya, anayajibu yaleyale upya. Basi linafika na dereva anapiga honi. Ni watu wawili tu wanaogeuka.

"Dakika tano, kaka!" Mama Laini anapaza sauti. Zinakuwa ishirini na tano.

Saa nne kasoro dakika nane, msimbo mpya unaingia. Mama Laini hana muda wa kuuchapa. Anaupiga picha kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Laini imeongezwa.

Wasichana wote wanainua mikono juu na kutikisa viganja.

"Mbona wananiaga kabla hawajapanda?" anauliza.

"Hawakuagi," kocha anamwambia. "Hayo ni makofi. Unapigiwa makofi."

Mama Laini anacheka, machozi yakimlengalenga, naye anainua mikono yake.

Kesho yake mchana, mama yake nahodha, mfanya usafi wa shule ya jirani, anakuja kukaa kibandani na simu mapajani. Ameambiwa ndege inatua saa nane.

"Mwaka jana nilikaa usiku kucha sijui mtoto yuko wapi," anasema. "Nikimpigia simu ya kawaida ni sawa na kuongea na ukuta."

Saa nane na robo, simu inalia. Uso wa nahodha unajaa kiooni, nyuma yake mlango wa vioo na watu wenye masanduku. Mama anaiegemeza simu kwenye boksi la vocha ili apate mikono yote miwili, na wanaanza. Mikono ya mama inakwenda mbio, anacheka, anafuta macho kwa kiwiko, anaendelea.

"Anasema mlango ulibadilika tena!" anamwambia Mama Laini bila kugeuka. "Kocha akawatumia ujumbe kwenye kundi. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza, akawashikia wenzake viti!"

"Jamani!" Mama Laini anaruka kutoka kitini. "Mwambie... mwambie makofi!"

Tangu siku hiyo ameshajiandikisha darasa la lugha ya alama kila Jumamosi katika klabu ya timu. Kocha naye amemwomba aongozane nao msimu ujao kama fundi wao wa mawasiliano, na wiki iliyopita Mama Laini alipigwa picha za pasipoti, za kwanza maishani mwake.

"Nimewawekea watu laini za nchi arobaini na kitu, na mimi sijavuka mpaka hata kwa mguu mmoja," anasema. "Nataka nishuke kwenye ndege, niwashe simu, nisubiri ile mistari ya mtandao ipande. Halafu nimpigie mume wangu kwa video, nimwambie: nimefika, na msosi wa jioni ujipikie."