Kapaso Aliyeacha Kukohoa

Zamani kapaso wetu alikuwa akikohoa. Vijana wa Nchelenge wa leo, nikiwaambia kwamba askari mzuri ni yule mwenye kikohozi, huniona nimezeeka vibaya. Kapaso alikuwa mlinzi wa chifu, mwenye kofia nyekundu na kaptula ya kaki, na kazi yake ilikuwa kusimamia sheria za boma huku kwetu ufukweni. Boma lilikataza kutumpula, yaani kupiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie wavuni. Sisi tulitumpula, naye alijua. Basi akishuka kuja ziwani alianza kukohoa tangu kule kwenye mihogo, kikohozi kikubwa cha mtu asiyeumwa, na wanaume wakapata nafasi ya kuficha fimbo kwenye matete. Akifika huuliza kama kuna anayetumpula. Hakuna, mukwai, tunamjibu kwa heshima. Anapewa samaki, anaondoka. Wezi wa nyavu na wapiga wake zao, hao aliwaendea bila kukohoa, na hakuna aliyemlaumu.

Yeye alikuwa wa ukoo wa Samaki. Mimi na kaka yangu ni wa ukoo wa Mamba, na Mamba na Samaki ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukania mama, akakunyang'anya chakula mkononi, na wewe lazima ucheke. Halafu ukifa, ndiye anayekuchimbia kaburi. Kaka hakuwahi kukutana na kapaso bila kumpokonya kofia. "Tangu lini samaki akavaa kofia?" husema, na kapaso humkimbiza huku akicheka mpaka machozi.

Kisha wakamwita kapaso mafunzoni. Serikali ilitaka makapaso wa namna mpya, wasiopokea samaki, wasiojua ndugu. Mwenyewe nilisema ni jambo jema, maana kweli kulikuwa na makapaso waliokuwa wakitukamua. Aliporudi alikuwa na buti, mkanda, na shingo isiyogeuka. Alipita mlangoni kwangu nikamsalimu, akaendelea na safari yake. Mama yake, jirani yangu, aliniambia mwanawe anakula peke yake siku hizi na hazungumzi. Nikatania kwamba angalau samaki wetu watapona. Hakucheka. Niliingia ndani nikaogopa, na sikujua naogopa nini.

Asubuhi moja nilikuwa naanika samaki. Wachuuzi kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, walikuwa wamekaa wakisubiri kununua, na wanaume walikuwa majini wakitumpula. Hakuna aliyesikia kitu. Kaka aligeuka, akamkuta kapaso amesimama ndani ya matete, buti zimezama, anawatazama.

Kaka akacheka. Alidhani ule ukimya ni utani, utani mpya wa mafunzoni, tena mtamu kuliko yote. Akatoka majini, akaichukua kofia, akaivaa, akatembea mbele ya wachuuzi kama muzungu anayekagua mashamba. Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka, macho yangu kwa kapaso, nikingoja acheke.

"Rudisha ile kofia," alisema kwa Kiswahili. "Iko ya serikali."

Kiswahili! Lugha ya kuuzia samaki kwa watu wa ng'ambo. Hawa wawili tangu kuzaliwa walisemezana Kibemba. Kicheko kikakatika. Kaka alijaribu tena, akamsogezea kichwa ili ajichukulie, na kapaso akatoa kamba.

"Mie minakufunga. Uko mutu wa makosa mbili. Kutumpula, na kushika mutu wa serikali."

Wachuuzi walifunga vikapu vyao wakaenda zao. Wenyewe wenye lugha husema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini kaka hakufanya mzaha wa kijinga. Alifanya alichokuwa akifanya siku zote. Kaka alipelekwa boma, na huko akahukumiwa kifungo.

Wazee wa chifu walimwita kapaso wakamuuliza kwa nini hakukohoa. Alijibu kwamba amefundishwa hivi: ukivaa kofia, huna ukoo.

"Na ukifa," mzee mmoja akamuuliza, "kofia itakuchimbia kaburi?"

Haukupita muda mrefu mama yake kapaso akafa. Mwanawe alikuja mlangoni kwangu kichwa wazi, akaongea Kibemba. "Mukwai, mama ameniacha. Nani atamchimbia?"

Nilitaka kumwambia akawaombe waliomfundisha. "Mchimbaji wetu umemfunga wewe," nikamjibu. "Kamlete."

Alipanda baiskeli akaenda boma, akarudi peke yake. Alikuwa amemweleza muzungu wa boma kwamba lile lilikuwa jambo la utani tu, na muzungu akamsifu kwa kazi nzuri. Kesi ilikuwa imekwisha. Basi tulimzika sisi, wanawake wa Mamba na wazee wasio na nguvu, kwa kuwa marehemu hakumfunga mtu. Desturi inataka watani wachekeshe makaburini. Sisi tulichimba kimya, tukanawa mikono, tukaondoka.

Kaka alirudi mvua zilipokwisha, amekonda, amenyolewa. Alikaa ufukweni pamoja nami akishona wavu. Ndipo tukasikia kikohozi kule kwenye mihogo, kikubwa, cha makusudi, kama zamani. Moyo wangu ulidunda kwa furaha, sifichi.

Kapaso alifika akasimama mbele ya kaka. Akainama, kofia ikawa karibu kabisa na mkono wa kaka, na akabaki hivyo, ameinama. Ichukue, kaka, nilisema moyoni. Mungu wangu, aichukue.

Kaka aliweka wavu chini. Akasimama wima, akavua kofia yake mwenyewe, ile ya ukindu, akaishika kifuani.

"Ndiyo, bwana," alimwambia kwa Kiswahili.