Kinyota Chekundu cha Leodgar

Leodgar Bundala hutengeneza tovuti katika chumba kimoja karibu na soko la Tabora. Chama cha wafuga nyuki wa Sikonge kilipomwomba fomu ya kujisajili, aliona jina na namba ya simu havitoshi. Akaongeza nafasi ya ukoo, tena akaiwekea kinyota chekundu: usipoijaza, fomu haiendi. Alitaka watu waache kuionea haya asili yao.

Siku ya mwisho ya usajili, saa nane mchana, Mektilda aliingia akitokea Sikonge, vumbi hadi kwenye nyusi. Ambaye angekuwa hajasajiliwa ifikapo saa kumi, asali yake isingepokelewa msimu huo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kidude chako kimenikataa mara sita. Hata marehemu mume wangu hakunikataa hivyo."

"Jaza ukoo tu, bibi."

"Sina." Alisema kama mtu aliyeishiwa chumvi. "Bibi yake mama aliachwa njiani na msafara wa watumwa, mtoto mdogo, shingoni kovu la kamba. Kwao hakupajua. Niandike Msafara?"

Leodgar hakucheka. Alifungua orodha ya fomu zilizoanzwa zisitumwe. Thelathini na nane. Wote walikuwa wamekwama kwenye kinyota kile, jina chini ya jina, kama watu waliofungwa mstari mmoja. Wa thelathini na moja alikuwa Levina, mama yake mzazi.

Alimpigia palepale. "Mama, mbona hukuniambia?"

Kuku walisikika, kisha sauti yake. "Nilidhani umeiweka makusudi, baba. Nikajua umeshasikia kuwa sina ukoo, unanionea aibu." Akakata.

Leodgar akamgeukia Mektilda. Akauliza, "Bibi, kule porini mizinga yako inajulikanaje?"

"Mikato mitatu, mmoja umepinda. Aliianza yule yule wa njiani."

Akafuta nafasi ya ukoo, akaweka ya alama ya mzinga, akahamishia kinyota huko. Mektilda akapita. Leodgar akawatumia wengine ujumbe. Mmoja mmoja mstari ukafunguka.

Saa kumi kasoro dakika tano alibaki Levina peke yake. Simu yake iliita, ikaita, hakupokea. Leodgar akaamua kumjazia mwenyewe. Jina, kijiji, namba. Akafika kwenye alama, vidole vikasimama.

Miaka yote ameila asali ya mama yake. Hakuwahi kuutazama mzinga wake.