Aliyechomea Ndiye Apande

Siku roboti ya kuchomea vyuma ilipofika karakanani kwetu Mbeya, bosi alitupanga mstari mafundi wote wanne kuipokea, kama wanafunzi wanaosubiri mgeni rasmi. Ulikuwa mkono mmoja mrefu wa rangi ya chungwa, umefungwa juu ya kitako cha chuma. Bosi akaupigapiga begani, kana kwamba una bega.

"Hii haichoki, haiombi ruhusa, haiendi msibani," alisema. "Tunaijaribu miezi mitatu. Baada ya hapo nabaki na fundi mmoja wa kuiendesha. Wengine tutaagana vizuri."

Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wale wanne, na mkubwa wao kwa umri. Sikuhitaji kuambiwa. Fundi mmoja wa kukaa mbele ya kompyuta hatakuwa mama anayesoma ujumbe wa simu kwa kunyoosha mkono.

Niseme ukweli, niliogopa. Kwetu ni Iringa, jirani na Tosamaganga, na niliondoka nikiwa msichana baada ya kugombana na kaka zangu. Walisema kuchomea vyuma ni kazi ya wanaume, nitarudi tu kuwaomba shamba. Nikaapa kwamba sirudi kuomba hata tuta moja. Miaka ishirini na kitu nimekula kwa mikono hii yenye makovu ya cheche, nimesomesha, nimejenga vyumba viwili Uyole. Sasa mkono usio na damu ulikuwa unanirudisha kwa kaka zangu.

Ubaya zaidi, mashine yenyewe ilikuwa fundi kweli. Ilianza na madawati ya shule. Nilipitisha kidole juu ya mshono wake nikitafuta kasoro, nikakosa, nikanuna mpaka saa ya chai.

Ugomvi wangu na bosi ulianzia kwenye majivu. Sisi hutengeneza mikokoteni ya ng'ombe kwa wafugaji wa bonde la Usangu, wale waliohamia kutoka kaskazini, ambao siku hizi wanabeba mpunga kuupeleka kukobolewa Rujewa. Ekseli zake, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, tunazitoa kwenye malori yaliyokufa. Ni chuma kigumu chenye kinyongo. Ukikichomea kikiwa cha baridi, au ukikiacha kipoe ghafla kwenye upepo wa Mbeya wa mwezi wa saba, kinapasuka ndani kwa ndani na nje hakionyeshi kitu. Kwa hiyo tulikuwa tunakipasha kwanza kwenye moto wa pumba za mpunga. Nadondosha tone la maji, likirukaruka, nachomea. Nikimaliza tunakizika kwenye shimo la majivu ya pumba hizo hizo, kipoe taratibu mpaka kesho yake. Ni kazi chafu, inayokutoa mweupe kama mtu aliyetoka kinu cha unga. Bosi alitaka sakafu safi kwa ajili ya mgeni wake, akalijaza shimo zege.

"Bosi, hilo shimo ni nusu ya kazi," nilimwambia.

"Mama, hayo mambo ya kienyeji tumeyaacha. Mashine inajipimia moto yenyewe."

Mtaalamu aliyekuja na mashine kutoka Dar, bwana mpole mwenye kompyuta kwapani, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameambiwa ekseli zetu ni chuma cha kawaida. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nikasema, nikaondoka. Ningetulia nikaeleza, labda wangenielewa. Lakini mimi nikikasirika nasema sentensi moja kali halafu nafunga mdomo. Niliufunga wiki mbili nzima, mashine ikachomea ekseli za mikokoteni sita mbele ya macho yangu, moyoni nasema haya, tutaona. Sijivunii hilo hata kidogo.

Mteja alikuja kuichukua mikokoteni yake, mzee wa Kisukuma kutoka upande wa Rujewa. Kwetu mkokoteni hautoki getini bila kujaribiwa. Unajazwa viroba vya mchanga, unavutwa na trekta kuvuka mtaro wa barabarani, na juu ya viroba anakaa fundi aliyeuchomea. Aliyechomea ndiye apande. Watu wa Usangu hawachukui mkokoteni bila kuliona hilo kwa macho yao, maana juu ya magunia ya mpunga hukaa wake zao na watoto.

"Nani kachomea?" mzee aliuliza.

Bosi akaionyesha mashine.

"Haya, ipande."

Wenzangu walicheka hadi kushika mbavu. Bosi hakucheka, akanitazama mimi. Nikamwambia sikuchomea. Ndipo mtaalamu, kwa ustaarabu wake, akasema yeye ndiye aliyeiamuru mashine, kwa hiyo fundi ni yeye. Akakunja suruali, akaweka mguu kwenye gurudumu.

Nikaziona soksi zake. Nyeupe, safi, za mtu ambaye kuna mtu nyumbani anamjali. Kinyongo chote kikaniishia.

"Shuka!" nilipiga kelele. "Shuka baba, utaumia!"

Akashuka. Nikawaambia wauvute na mchanga peke yake. Gurudumu la kwanza liliingia mtaroni salama. La pili lilipoingia, ekseli ikakatika kwa mlio mmoja mkavu, mkokoteni ukalala ubavu na mchanga ukamwagika barabarani. Mshono ulikuwa mzima, unang'aa. Kilichokatika ni chuma pembeni yake.

"Ulijua?" bosi aliuliza.

"Nilijua. Nilikwambia, halafu nikanyamaza. La kunyamaza ni kosa langu. La zege ni lako."

Mzee wa Kisukuma alisema atarudi baada ya mwezi mmoja, na atachukua mikokoteni ile tu atakayoniona mimi nimekaa juu yake.

Zege likavunjwa siku ile ile. Mtaalamu alileta kipimajoto, na kila tone langu liliporukaruka alipima na kuandika. Baada ya siku chache akaacha kupima, akawa ananiomba kikombe cha maji adondoshe mwenyewe. Naye akanifundisha kuiongoza mashine, akaniandikia kazi ya kila kitufe kwa Kiswahili, herufi kubwa, bila kunitania juu ya macho yangu. Niligundua kwamba chuma nikishakiandaa mimi, mashine inakichomea vizuri kuliko mimi. Nilitegemea kulijua hilo kutaniuma, wala hakukuniuma.

Mzee aliporudi, nilivuka ule mtaro mara sita juu ya mikokoteni sita, na mama ntilie wa ng'ambo waliacha sufuria zao wakapiga vigelegele. Nililia, na sikujificha.

Bosi aliniita akanikabidhi ufunguo wa mashine. Nikamwambia mashine inataka mtu mmoja, lakini moto na majivu vinataka wawili. Alinung'unika, akakubali, tukabaki watatu. Mwenzetu wa nne alikuwa ameshaondoka kwenda kujitafutia kwenye mageti na madirisha. Riziki yake ilikuwa madawati, na madawati mashine iliyachukua yote. Yule sikuweza kumwokoa.

Mwezi uliopita mtaalamu alinipigia simu. Kuna karakana Iringa imenunua mashine kama yetu, nayo inavunja ekseli. Wangependa niende wiki mbili, wanatuma gari. Nikasema sawa, ila siti ya mbele iwe yangu.

Habari zikatangulia. Kaka yangu mkubwa akapiga.

"Kamwene, dada. Nasikia unarudi. Unakuja kuchukua shamba?"

"Nakuja kuifundisha mashine kazi," nilimwambia. "Wewe chinja kuku."