Gereji Yetu ya Kuivishia Ndizi

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi pale Mabatini. Akashuka shimoni, nikabaki naangalia kofia yake ikipita chini ya injini, na pua yangu ikanidanganya. Ndugu yangu, badala ya oili nilisikia harufu ya ndizi zinazoiva. Nikacheka peke yangu mpaka fundi akauliza kuna nini.

Ngoja nikueleze. Baba yangu alijenga gereji kabla hajanunua gari. Watoto wanne tulibanana chumba kimoja, wakati gari ambalo halijaonekana lilikuwa na chumba chake, chenye mlango wa bati na shimo la fundi katikati. "Gari langu halitanyeshewa," alisema baba kila mvua ilipopiga, na sisi tukaitikia amina.

Chumba kitupu hakikai kitupu. Bibi alikuwa wa kwanza kuingiza magunia yake ya mahindi na dagaa, kuku wakamfuata. Jumapili za mvua kwaya ilifanyia mazoezi humo, mabati yakitetemeka kila besi ilipoingia. Mtoto wa kwetu ukimtuma gereji hakuuliza gari gani; aliuliza alete dagaa au mayai.

Kisha jirani yetu, mama mmoja kutoka Kagera, akaliona lile shimo. Alilizunguka mara mbili akatabasamu. Kwao ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yao, huivishwa shimoni: unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika, unaweka moto wa moshi pembeni ili joto liingie, halafu unaacha siku sita bila kufunua. Baba alikubali kwa moyo mweupe, maana hata usukani hakuwa nao. Sisi watoto tulipuliza ule moto huku machozi yakitutoka, na shimo likifunguliwa tulipewa ndizi za kwanza, tamu mpaka meno yanauma.

Sasa, gari likaja. Lilikuja siku ya tatu ya shimo, na safari hiyo shimo halikuwa la mchezo: binti wa jirani alikuwa anaposwa, wakwe wako njiani wiki ile, na rubisi ya kuwapokea bado ilikuwa ndizi humo chini. Kupata ndizi nyingine ilikuwa mpaka meli ijayo kutoka Bukoba. Baba akasimama mlangoni mwa gereji, injini ikinguruma, mtaa mzima ukitazama.

"Jirani, naomba nipishe," alisema.

"Baba, zikifunuliwa leo zitaiva nusunusu. Wakwe nitawapa nini mimi?"

"Basi niweke mbao nipite juu."

"Juu ya moto, na petroli yako?"

Nilimwonea baba huruma, maana alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu sijazaliwa. Bibi akatokea na ungo wake mkononi. "Mwanangu, gari lisipoingia leo litaingia kesho. Wakwe wakigeuza, ndiyo basi."

Baba akazima injini. Gari likalala nje chini ya mpera, na mvua nayo haikuwa na aibu, ilinyesha mpaka asubuhi. Wakwe walikuja, wakanywa, wakacheza mpaka vumbi likatimka. Siku ya harusi binti alipelekwa kanisani kwa gari letu, kinyesi cha kunguru kikiwa bado kwenye kioo, baba akiendesha ndani ya suti yake ya pekee. Sijapata kumwona na furaha ile tena.

Tangu hapo kila mwenye sherehe alilitaka shimo, na gari halikuingia gereji hata siku moja. Lilizeekea nje, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Baba alinung'unika kila wiki, ila akisikia wageni wanakuja mtaani, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenda kutazama kama moto haujazimika.

Baba na bibi wametangulia, jirani alirudi kwao, nyumba tukaiuza. Aliyeinunua ni mtu mstaarabu. Shimo amelifukia kwa zege, na magari yake mawili yanalala ndani. Siku moja nilipopita hapo nilimsalimia getini, tukaongea vizuri tu. Nikamuuliza siku hizi nani anakaa ile nyumba ya jirani. Akaitazama kidogo, akaniambia hajui.